Wekeni daftari sawa kabla ya kubisha hodi kwa mwekezaji

Kabla mwekezaji hajatoa shilingi, hutuma orodha. Anataka cheti cha usajili, katiba ya kampuni, rejista ya wanahisa, mihtasari ya vikao vya bodi, taarifa za mwaka zilizowasilishwa BRELA (msajili wa kampuni nchini Tanzania), kumbukumbu za kodi, mikataba ya wafanyakazi, leseni, na uthibitisho kwamba programu inayotangazwa kuwa ya kampuni ni ya kampuni kweli. Hapo ndipo kampuni nyingi changa za vijana wetu zinapoumbuka. Cheti kipo, lakini rejista ya wanahisa haijawahi kufunguliwa. Aliyeandika programu ni rafiki aliyelipwa kidogo kidogo kwa simu, na leo hapokei simu hiyo. Mwanzilishi wa tatu aliondoka baada ya miezi mitano na bado ana theluthi ya hisa. Malipo ya wateja yanaingia kwenye Lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la mtu binafsi.

Mwekezaji akiyaona hayo hagombani na mtu. Huaga kwa adabu na kwenda kwa mwingine, na vijana hubaki wakiamini kwamba wazo lao halikueleweka.

Hatuandiki leo kuwapa pole. Tunaandika kuwakumbusha wajibu. Anayeomba fedha za watu anaomba amana, na amana haikabidhiwi kwa mtu ambaye hajui kipi chake, kipi cha mwenzake na kipi cha kampuni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kampuni changa ni mali hata kabla haijapata faida, na daftari lake ni sheria. Kuliweka sawa ni deni ambalo mwanzilishi anadaiwa na wenzake, wafanyakazi wake, wateja wake na taifa, na deni hilo linaanza siku ya kwanza ya kazi, miezi na miaka kabla mwekezaji hajatokea.

Tuanze na wenzake. Kampuni nyingi huzaliwa kati ya marafiki waliosoma pamoja, na kwa sababu ya urafiki huo wanaona haya kuandikiana. Haya hiyo ni hatari. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinayatambua makubaliano ya hiari kati ya watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, kwa jambo halali, kuwa ni mkataba. Hakidai karatasi kila mara. Maana yake ni kwamba “tutagawana nusu kwa nusu” iliyotamkwa kwenye kibanda cha chipsi inaweza kuwa deni la kweli, lenye kudaiwa mahakamani, huku kila upande ukikumbuka maneno yake.

Bara letu lina funzo kuhusu ahadi ya mdomo. Mwaka 2000 Nkosana Makate, akiwa mhasibu mwanafunzi katika kampuni ya Vodacom nchini Afrika Kusini, alitoa wazo la huduma iliyokuja kujulikana kama Please Call Me. Aliahidiwa mgawo kwa mdomo. Ilimchukua hadi mwaka 2016 Mahakama ya Katiba kutamka kwamba ahadi ile iliifunga kampuni, na hata baada ya hukumu hiyo pande mbili ziliendelea kuvutana kwa miaka kuhusu kiasi cha malipo. Huko Marekani, kampuni ya Snap ilipojiandaa kuuza hisa kwa umma mwaka 2017, nyaraka zake zilionyesha kwamba ilikubali kumlipa dola milioni 157.5 kijana aliyedai kuwa mwanzilishi mwenza aliyewekwa kando. Ikiwa kampuni zenye majeshi ya mawakili zimelipa gharama hiyo, ya kwetu yenye kompyuta tatu na chumba cha kupanga itastahimili nini?

Wapo wanaosema kuandikiana ni dalili ya kutoaminiana. Kwa jamii yetu hoja hii haina mashiko. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, na haikuwabagua ndugu wala marafiki. Wazee wetu waliouziana mashamba na majahazi waliandikiana na bado wakaoleana. Aliyeandikiana na rafiki yake amemwondolea kishawishi cha kusahau.

Waanzilishi waandike nini? Waandike nani ana hisa ngapi na kwa mchango upi: fedha, kazi au ujuzi. Waandike nani anaamua mambo ya kila siku na yapi hayaamuliwi bila wote kukubali. Waandike kwamba hisa zinaiva kadiri mtu anavyoendelea kufanya kazi. Utaratibu uliozoeleka duniani ni miaka minne, na anayeondoka kabla ya mwaka wa kwanza kutimia haondoki na kitu. Bila kifungu hicho, aliyefanya kazi miezi mitano atakula jasho la wenzake miaka kumi, na mwekezaji hataweka fedha zake zimnufaishe mtu asiyekuwepo.

Waandike pia kuhusu kifo, jambo tunaloogopa kulitaja. Mwanzilishi akifariki, hisa zake huingia katika mirathi. Atakayekuja ofisini ni msimamizi wa mirathi, pengine kaka wa marehemu aliyetoka kijijini, ambaye haijui biashara na ana kila haki ya kuuliza mali ya ndugu yake iko wapi. Yeye hana kosa. Kosa ni la walioishi bila kukubaliana kwamba wanahisa waliobaki watapewa nafasi ya kwanza kuzinunua hisa hizo kwa bei iliyopangwa kwa haki, ili mjane na watoto wapate chao kwa fedha na kampuni iendelee kusimama. Asiyeandika kifungu hiki amewaachia mjane na washirika ugomvi wa kurithi.

Wajibu wa pili ni kwa kampuni yenyewe. Tangu hukumu ya Salomon ya mwaka 1897 huko Uingereza, msingi wa sheria ya kampuni tuliourithi ni kwamba kampuni ikishasajiliwa ni mtu mwingine, mbali na wenye hisa. Ina mali yake, madeni yake na jina lake. Mwanzilishi anayelipa ada ya shule ya mtoto kwa fedha za kampuni bila kuandika popote, kwa kuwa “kampuni ni yangu”, anachukua cha mwingine. Afungue akaunti ya benki ya kampuni. Lipa namba iwe ya kampuni. Jina la tovuti, akaunti za mitandao ya kijamii na akaunti inayoweka programu kwenye simu za watu, vyote viandikwe kwa jina la kampuni. Mwanzilishi akiikopesha kampuni fedha zake, aandike mkopo. Akichukua mshahara, bodi ipitishe azimio.

Sheria ya Kampuni, Sura ya 212, inaitaka kampuni itunze rejista ya wanahisa, iwasilishe taarifa za mwaka kwa Msajili na itoe taarifa wakurugenzi wanapobadilika. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, kampuni inawajibika pia kuwasilisha taarifa za wamiliki manufaa, yaani binadamu halisi waliosimama nyuma ya hisa. Mambo haya yanafanyika kwa njia ya mtandao kupitia mfumo wa BRELA. Anayejenga programu za simu hana udhuru wa kushindwa kujaza fomu ya mtandaoni. Hisa zinapohamishwa, uhamisho ulipiwe ushuru wa stempu, kwa sababu waraka usiolipiwa haupokelewi mahakamani kuwa ushahidi, na siku mtakapouhitaji ndiyo siku mtakayoambiwa hivyo.

Kodi nayo haisubiri faida. Kampuni ikishapata namba ya mlipakodi, inatakiwa kuwasilisha ritani TRA hata kama haijauza kitu. Mauzo yakifika shilingi milioni 200 kwa mwaka, inapaswa kujisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani. Kodi iliyorukwa hukaa kimya ikizaa riba na adhabu, kisha huibuka siku ya ukaguzi wa mwekezaji, na mwekezaji hakuleta fedha zake zilipe makosa ya mwaka juzi.

Wajibu wa tatu unahusu kile kinachoitwa mali ya kampuni. Katika kampuni za teknolojia, mali kubwa ni programu, jina na nembo, na ndivyo vitu ambavyo umiliki wake hauangaliwi kabisa. Kumlipa mtu aandike programu si lazima kukufanye mmiliki wa hakimiliki yake. Kila aliyeandika mstari, kila aliyechora nembo, awe mfanyakazi, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo au binamu aliyesaidia usiku mmoja, atie saini waraka unaoihamishia kampuni haki zote. Waanzilishi wenyewe wafanye hivyo kwanza, kwa kuwa mengi waliyaandika kabla kampuni haijazaliwa.

Kuhusu jina, wengi wanadhani kusajili kampuni BRELA kumewapa haki ya alama ya biashara. Hizo ni masjala mbili tofauti, na kila moja ina maombi yake. Aidha, alama iliyosajiliwa Tanzania Bara haina nguvu Zanzibar, ambako usajili ni wa sheria nyingine na ofisi nyingine. Anayetangaza kwamba atahudumia taifa zima huku jina lake liko wazi Unguja na Pemba anamwambia mwekezaji jambo lisilo kamili.

Wajibu wa nne ni kwa wananchi wanaotumia huduma. Kampuni inayokusanya majina, namba za simu, vitambulisho na mahali watu walipo imeshika siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka mkusanyaji na mchakataji wa taarifa hizo ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, akusanye kwa kusudi linalojulikana na azilinde. Tumeona matokeo ya kudharau siri hizo: mikopo ya simu ambayo mkopaji akichelewa, ndugu, mabosi na majirani waliomo kwenye simu yake hutumiwa ujumbe wa kumdhalilisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizitaja hadharani programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila idhini na kuupiga marufuku uendeshaji wake. Programu hizo zilikuwa na wateja. Kilichokosekana ni leseni na utu.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika makadirio ya mapato, mwanzilishi aulize biashara yake inasimamiwa na nani. Fedha na malipo ni Benki Kuu. Bima ni TIRA. Usafiri wa ardhini ni LATRA. Na asiishie kwenye leseni. Asome pia kanuni zinazogusa bei. Aprili 2022, baada ya LATRA kuweka ukomo wa kamisheni ya asilimia 15 kwa safari za kuitwa kwa simu, Uber ilisitisha huduma zake nchini, na ikarejea mwaka uliofuata baada ya masharti kulegezwa. Kampuni ya dunia nzima iliweza kungoja miezi. Kampuni changa ya Sinza au Mwanza haiwezi. Anayevuka mpaka wa Namanga ajue pia kwamba Kenya ina Sheria yake ya Kampuni ya mwaka 2015, sheria yake ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na kanuni zake za wakopeshaji wa kidijitali za mwaka 2022. Cheti cha Dar es Salaam hakimpi ruhusa Nairobi.

Wajibu wa tano, na hapa tunasema kwa uchungu, ni kwa wafanyakazi. Umezuka mtindo wa kuwaita vijana “timu” na “familia”, kuwafanyisha kazi usiku na mchana, na kuwaahidi kwamba “fedha zikiingia mtapata hisa”. Hakuna mkataba, hakuna mchango wa hifadhi ya jamii, hakuna waraka wa hisa hizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya ajira kwa maandishi anapoanza kazi. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara kwa pande zote mbili kwa pamoja, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao una sehemu yake. Michango hii isipolipwa, malimbikizo yake ni deni la kampuni. Kabla ya hapo ni dhuluma, na dhuluma haigeuki ubunifu kwa sababu imefanyika mbele ya kompyuta. Kama hisa zimeahidiwa, zitengwe, ziandikwe na zipitishwe na bodi. Kama haziwezi kutolewa, zisiahidiwe.

Mwanzilishi aliyetimiza hayo ndiye aende kutafuta fedha, na huko nako sheria inamsubiri. Kampuni binafsi, kwa tafsiri ya sheria yenyewe, haina ruhusa ya kuualika umma ununue hisa zake, na wanahisa wake hawazidi 50 ukiacha wafanyakazi. Tangazo la “nunua hisa zetu kwa laki moja” linalorushwa kwenye makundi ya WhatsApp ni mwaliko kwa umma, na uuzaji wa hisa kwa umma una mamlaka yake ya kuidhinisha, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Nia njema haifuti kosa hilo.

Wengi hupokea fedha za kwanza kama mkopo unaogeuka hisa baadaye. Njia hiyo ni halali na nyepesi, lakini ni mkopo. Ukitoka nje ya nchi na muda wake ukizidi mwaka mmoja, unatakiwa kuandikishwa Benki Kuu kupitia benki ya biashara na kupewa namba ya kumbukumbu ya deni. Umiliki wa kampuni ukibadilika kwa zaidi ya nusu, jambo linaloweza kutokea pale mwekezaji anapotaka kampuni mama ihamishiwe Delaware nchini Marekani, Sheria ya Kodi ya Mapato inaweza kuibua kodi ambayo hakuna aliyeipangia bajeti. Haya yaulizwe kabla ya saini.

Tena waanzilishi wasome kila kifungu cha waraka wa masharti wa mwekezaji. Chukua mfano. Mwekezaji ameweka shilingi milioni 500 kwa asilimia 20, akapewa haki ya kutangulia kulipwa mara mbili ya fedha zake. Kampuni ikauzwa kwa bilioni 1.2. Mwanzilishi anapiga hesabu ya asilimia 80 na kuona milioni 960. Mkataba unasema mwekezaji achukue bilioni 1 kwanza, na zinazobaki kwa waliojenga ni milioni 200. Hapo hakuna aliyeibiwa. Kilichotokea ni kwamba mtu alitia saini asichokielewa, na alitia kwa niaba ya wenzake.

Na hapa lugha ina kesi yake. Mikataba hii huja kwa Kiingereza kizito cha mawakili. Nchi hii, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mwanzilishi anayo haki ya kumwambia wakili wake: nieleze kifungu hiki kwa Kiswahili mpaka nikielewe. Wakili asiyeweza kukieleza hivyo hajamaliza kazi aliyolipwa, na mwanzilishi anayeona aibu kuuliza hajawa tayari kushika fedha za watu.

Tunajua jibu litakalotolewa: mawakili ni ghali, na biashara itakufa kabla ya makaratasi kukamilika. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ina ukweli, ndiyo maana wajibu huu si wa vijana peke yao. Vyuo na vituo vya kulea ubunifu, ikiwemo Buni iliyo chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), vifundishe daftari sambamba na mbinu za kuwasilisha wazo jukwaani. Chama cha Mawakili Tanganyika kiandae mikataba ya msingi kwa Kiswahili ambayo kijana anaweza kuanza nayo. Serikali iunganishe milango ya usajili, leseni na kodi ili mtu asieleze jambo lilelile katika ofisi tano. Wawekezaji wasitumie ujinga wa kisheria wa vijana kama punguzo la bei.

Sehemu ya pili ya hoja hiyo tunaikataa. Mengi ya tuliyoyataja hayahitaji fedha nyingi. Kufungua rejista ya wanahisa kunahitaji daftari na kalamu. Kutenganisha fedha za nyumbani na za kampuni kunahitaji nidhamu. Kukaa na wenzako jioni moja na kuandika nani ana nini, nani akiondoka itakuwaje, na nani akifa watoto wake watapata nini, kunahitaji ujasiri wa kusema ukweli mkiwa bado mnapendana. Wakili ataupangilia waraka huo baadaye kwa gharama ndogo kuliko ile ya kuamua ugomvi.

Tunawataka basi waanzilishi wote wanaopanga kuomba mtaji mwaka huu waanze na jioni hiyo. Wakae watatu kwa watatu, au wawili kwa wawili, waandike, wasomeane kwa sauti, na kila mmoja aweke saini mbele ya shahidi. Orodha ya mwekezaji ikija, kila waraka uwe umeshapata mahali pake kwenye jalada. Isipokuja, mtakuwa mmewatendea haki wenzenu, wafanyakazi wenu na watoto wenu, na wajibu huo mlikuwa nao hata kama hakuna tajiri ambaye angewahi kugonga mlango wenu.